Aliyemnyima Mume Wangu Salamu

Jumapili, Juni 2019. Baridi kavu tangu asubuhi, ile ya kupasua midomo. Jua lilikuwepo lakini la kutazama tu, halikupasha mtu. Upepo ulitoka upande wa Hillbrow na vumbi lake, na madirisha ya jengo letu yakagongagonga mpaka mchana.

Nimekaa jikoni na daftari. Nataka kumwandika Mwalimu wetu wa kwaya, kwa sababu ya alichokifanya leo, lakini sijui kama nitaweza. Niliishia darasa la saba Lushoto, na kazi yangu ni kusuka nywele hapa Yeoville, Johannesburg, siyo kuandika watu. Tena nina upande: mume wangu ni mlinzi mwenye bunduki, na Mwalimu hasalimiani na mtu mwenye bunduki. Atakayesoma ajue hilo kwanza, ndipo anipime.

Nianze na salamu, maana kwake kila kitu kinaanzia hapo. Mwalimu ni mama wa Kikongomani, wa Bukavu, na salamu zake ni ndefu. Anakupa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, anakuuliza habari ya mume, ya mtoto, ya mguu uliokuuma wiki iliyopita, ya mwenye nyumba na kelele zake, kisha anarudi kwenye mguu. Nilipofika Johannesburg nilimwamkia shikamoo, akacheka mpaka akaketi. "Nyie Watanzania! Mutu anasema anashika miguu yangu, na hata hainami!" Tangu siku hiyo kila akiniona huvuta sketi kidogo na kunyoosha mguu mbele, nimshike basi.

Kiswahili chake nakiandika alivyokisema. Nikikinyoosha atakuwa mtu mwingine.

Lakini ukija na bunduki, awe nani, mikono yake inaenda nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeficha andazi. "Weka chini kwanza. Tutasalimiana kisha." Hana ukali akisema hivyo. Anasema kama mtu anayekukumbusha kuvua viatu.

Kuna askari mmoja wa kike alileta suruali ya kazi ipunguzwe, maana Mwalimu ni fundi cherehani pia, ana kichumba chake karibu na soko. Akamnyooshea mkono. Mwalimu akachukua futi ya kupimia, akampima kiuno na mguu wote, akaandika namba kwa chaki, na mkono hakuugusa. Yule askari akacheka, akamwita gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu, akasema gogo ana wazimu. Siku ya kuchukua suruali akamwachia mwenzake bastola ndani ya gari, akaja mikono mitupu. Nilikuwepo, namalizia kumsuka Mwalimu. Alipewa salamu moja, eish, mwenzake akapiga honi mara tatu na bado walikuwa kwenye habari za mama yake askari na kisukari chake.

Mara nyingine alikosea. Fundi bomba Mmalawi alikuja kutengeneza choo cha jengo, mashine ya kutobolea ukuta ikiwa kiunoni. Mwalimu akaficha mikono. Yule baba alikuwa mpole, akaondoka na uso mzito, akamwambia mlinzi wa jengo kwamba Wakongomani wanamdharau. Mwalimu alipoambiwa ile ilikuwa nini, alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano na goti lake bovu kumtafuta. Mwezi mzima akawa anamsalimia asubuhi na jioni, mpaka yule baba akawa anazunguka kwa mlango wa nyuma ili awahi kazini.

Sasa mume wangu.

Baba Zawadi alikuwa kijana wake. Wote wa Bukavu. Kwenye harusi yetu Mwalimu ndiye aliyeimbisha, na aliwaimbisha watu hadi mchungaji akaomba wapumzike. Mwaka 2016 kampuni ya ulinzi ilimpa kazi ya kusindikiza magari ya mizigo, kazi ya silaha. Ana kibali cha makazi ya kudumu na alifanya mafunzo yote, kwa hiyo ni halali, nisije nikaonekana nasema vingine. Siku ya kwanza alitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye kichumba cha cherehani, amevaa sare mpya, anataka mama yake amwone.

Mwalimu akamtazama toka juu hadi chini.

"Papa Zawadi, umependeza. Kiatu ni kizuri. Ile koti iko na mshono mubaya hapa begani, niletee. Lakini salamu sina."

Akadhani utani. Akabaki amenyoosha mkono. Alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake vizuri. "Ananifanyia kama jambazi," akasema. "Nalinda mikate na sabuni. Sijamwelekezea mtu. Kazi nyingine iko wapi?" Na kweli, iko wapi? Niliandika usiku ule kwamba wote wawili wana haki, kisha nikaona hilo ni jibu la mtu mwoga. Sijapata lingine.

Na wala asidhani mtu kwamba Mwalimu ni malaika. Kwenye kwaya ana rula ya mbao ya kushonea, na sauti ya tatu ikikosea rula inalia mezani kama risasi, nikisema hivyo atanichukia. Hasifu. Ukiimba vizuri kabisa anasema, "Bon, leo haukutuumiza." Anasengenya. Umri wake anaupunguza kila mwaka. Tukihesabu anavyosema, mimi nitampita karibuni. Na ana jambo ambalo wageni hawaliamini: anapenda filamu za kupigana. Zile za mtu mmoja anayemaliza jeshi zima. Jumamosi akishafunga kazi anakaa mbele ya televisheni ya jirani na bakuli la karanga, anapiga kelele, "Nyuma yako! Mupige! Mupige huyo!" Baba Zawadi aliwahi kumkuta hivyo, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, huyo naye si ana bunduki?" Bila kugeuka akajibu, "Huyo hakuomba salamu."

Kubwa zaidi ni la cherehani. Mwaka 2017 wezi walivunja kichumba wakachukua mashine yake. Alimpigia nani? Mume wangu. "Njoo na wenzako." Wakaja watatu, na silaha zao, wakaingia jengo moja la Berea ambako watu walisema mashine imeonekana, na wakarudi nayo bila kumgusa mtu. Walioiba waliiona bunduki wakaiacha mashine. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuandika vingine. Mwalimu akawapikia chai ya maziwa na maandazi, akawahudumia kwenye ngazi, nje ya mlango, mmoja mmoja. Mikono nyuma.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mwalimu, hii siyo haki. Umewaita wewe mwenyewe."

"Mama Zawadi, mimi sikusema niko na haki. Nilisema sina salamu."

Habari za Bukavu na vita hasimulii. Watu humuuliza, hasa wazungu wanaokuja kusaidia kanisa, na yeye huwauliza nao kama wamekula. Mara moja tu, tunakunja nguo za kwaya, mlango wa chuma uligongwa na upepo, akasema bila kuinua kichwa, "Kule, ile sauti tulikuwa tunajua ni ya kundi gani." Akaendelea kukunja.

Mwaka jana, Juni, ndipo mambo yakafika kwa damu yake. Mtoto wa dada yake alikuwa na spaza, yaani kiduka, mashambani, saa nyingi kutoka hapa kwa teksi, kijiji cha barabara ya vumbi, mashamba ya mahindi pande zote. Alikuwa huko na mke wake Furaha. Walipendwa, walikopesha unga, walijua majina ya watoto wa wateja. Jumamosi moja watu walikaa nje ya duka, wengine wanasikiliza mpira kwenye redio, wengine kwenye mstari wa mkate. Mwanamume wa kijiji hicho hicho, mwenye ugomvi na wakwe zake, akaja na bunduki ya kuwindia. Shemeji zake walikuwa kwenye mstari. Alianza nao, hakuishia nao. Idadi siandiki, magazeti hayakukubaliana. Mtoto wa dada yake Mwalimu aliuawa akiwa amebeba kreti ya soda. Furaha alijificha nyuma ya friji ya barafu, na yule mtu alikuwa anaingia dukani wakati mkulima wa shamba la jirani, aliyesikia milio, alipofika na bunduki yake mwenyewe, akampiga. Ikaisha hapo.

Kwenye matanga hapa Yeoville chumba kilijaa. Watu walikuwa na hasira, na hasira yetu ina njia yake iliyochongwa tayari: tunauawa kwa sababu ni wageni. Mwenyekiti wa nyumba yetu ya sala akasimama akaanza hivyo. Mwaka 2015, wageni waliposhambuliwa, alichomewa duka akatazama, asilaumiwe.

Mwalimu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kama mfiwa. Akasema, "Apana."

"Mama, pole, nilikuwa nasema..."

"Nimesikia. Apana. Wengine wote kwenye ule mustari walikuwa watu wa pale. Wazulu wanalia leo kama sisi. Huyu mutu hakutafuta mugeni. Alikuwa na bunduki na hasira, akapata watu. Musinichukulie mutoto wangu mukamufanya bendera."

Wengine walisema baadaye kwamba ana moyo wa jiwe. Mimi nilimwona akikung'uta mkeka mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Wiki chache baadaye kuliitishwa kikao cha hadhara katika mji mdogo wa karibu na kijiji kile. Wakubwa wangekuja kusikiliza watu kuhusu sheria za bunduki. Mwalimu akasema anakwenda, na mimi nitatafsiri. Nikamwambia Kiingereza changu ni cha saluni, cha "shorter or longer". Akasema, "Muzuri. Hawatalala." Nikamwambia pia kwamba sikubaliani naye yote, mume wangu anakula kwa bunduki. "Njo maana nakuchukua weye. Mutu wangu angeongeza chumvi."

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja wakulima, wazungu na weusi, upande mwingine watu wa kijiji, ingawa walichanganyika zaidi ya nilivyotarajia. Mwanamke mmoja alitaka bunduki zote zikusanywe. Mzee mmoja akamwuliza, na za majambazi atakusanya nani? Mwanamke akajibu kwamba aliyemuua kaka yake hakuwa jambazi, alikuwa mwimbaji wa kanisani. Watu wakapiga makofi kwa wote wawili, na mimi pia, mara mbili.

Yule mkulima aliyemaliza mauaji naye alisema. Mtu mkubwa, mikono myekundu, anaona aibu kushika kipaza sauti. Alisema polisi walifika jua limeshaanza kushuka. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile na hataki mtu amwite shujaa. "Lakini kama ningekuwa nimerudisha bunduki yangu, yule mama angekuwa kaburini pia." Alimaanisha Furaha. Akakirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili.

Zamu ya Mwalimu ilipofika, mtu wa meza ya mbele akauliza kama yeye ni raia. Nikamtafsiria.

"Mwambie risasi haikumwuliza mutoto wangu karatasi."

Nikasema hivyo hivyo. Dada mmoja wa manispaa akayapeleka kwa Kizulu, na nyuma ya ukumbi mwanamke akapiga kigelegele.

Alisema kidogo tu. Kwamba yule muuaji alikuwa na leseni, imekaa kabatini na mihuri yote. Kwamba kijiji kizima kilijua anaitikisa ile bunduki mbele ya mke wake, na mke alikwenda kulalamika, akaambiwa karatasi ziko sawa. "Mimi sijui sheria. Nauliza kitu moja. Yule anayetoa karatasi, arudi kila mwaka nyumbani kwa huyo mutu. Asimwulize mwenye bunduki. Amwulize mke. Mke akiwa peke yake. Na jirani. Kama mke anasema apana, bunduki inatoka siku ile ile, na huyu mutu aende kulalamika yeye, apange mustari yeye."

Wanaume kadhaa walicheka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba basi hakuna atakayebaki na bunduki nchi nzima. Nikamtafsiria. Mwalimu akamgeukia.

"Kumbe unajua mke wako atasema nini."

Hilo nililitafsiri upesi, kabla ya kuogopa. Ukumbi ulipasuka. Hata yule mkulima alicheka, akashika paji la uso.

Baada ya kikao alitujia pale kwenye maegesho. Bastola ilikuwa kwenye mkanda. Nilijua kinachokuja, na nilijua pia Mwalimu amebeba nini kwenye mfuko: shati la kitenge, alilomshonea mtu huyu kabla hajamwona, kwa kukisia kutokana na maneno ya Furaha. Alilikunja vizuri, na karatasi ya rangi juu.

Mkulima akanyoosha mkono. Mikono ya Mwalimu ikaenda nyuma, na mfuko ukaenda nayo.

"Mwambie, Furaha iko hai kwa sababu yake. Mwambie nimetoka Johannesburg kusema asante, na nitamuombea mpaka nife."

Nikasema.

"Mwambie sasa aiweke chini."

Nikasema na hilo. Yule mtu alitazama mkono wake, uliokuwa bado hewani. Akasema polepole kwamba barabara ya kwake ni mbaya, ameshavamiwa mara mbili, hawezi kuiacha bastola kwenye gari ikaibiwa halafu imuue mtu mwingine. Ni kweli, sheria hairuhusu kuiacha ovyo. Nikamtafsiria Mwalimu, nikaongeza kwamba ni kweli.

"Najua ni kweli," akasema. Akaweka mfuko juu ya boneti ya bakkie, lile pikapu la mkulima. "Shati achukue. Salamu bado."

Mkulima akalitoa, akalivaa pale pale juu ya nguo zake. Kubwa, mabega yanaanguka, na pindo lilifika mapajani likafunika mkanda wote. Akafungua mikono kama mtu anayeuliza: sasa je?

"Mimi nimeshaiona," akasema Mwalimu.

Wakacheka wote wawili. Machozi yalimtoka yule mzungu, au ni vumbi, sitaapa. Lakini hawakupeana mikono.

Tuliporudi, nyumba ya sala ilikuwa kwenye uamuzi wake. Tulishawahi kuvamiwa katikati ya ibada, wakachukua simu na kinanda, na baada ya mauaji yale watu waliogopa hata mlango ukilia. Mwenyekiti akapendekeza mlinzi mwenye silaha kila Jumapili. Kampuni ikakubali, na mlinzi aliyechaguliwa ni mume wangu, kwa kuwa anawajua watu. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Kabla yake Mwalimu aliomba neno.

"Nyie mumeogopa, na mimi nimeogopa. Mimi njo nimezika. Lakini siwezi kuimbia Mungu 'amani' na kule mulangoni kuna kitu inasema 'kama Mungu akichelewa'."

Mwenyekiti akamjibu vizuri, lazima niandike: "Mwalimu, na wewe mlango wako una kufuli ngapi?" Ana nne. Watu wakacheka, na Mwalimu akakubali kwa kichwa kwamba amepigwa. Kura ikapita. Mimi sikuinua mkono popote, na Baba Zawadi aliona.

Jumapili iliyofuata alifika na ngoma, kiti cha plastiki na rula. Hakuingia. Akakaa kwenye njia ya watembea kwa miguu, mbele ya nyumba, akaanza kuimba peke yake. Wiki ya pili walikuwa wanne. Kufikia Krismasi nusu ya kwaya ilikuwa nje, na watu wa teksi walikuwa wanapunguza mwendo wasikilize. Ndani kulikuwa na nusu nyingine, ya sauti nzito tupu. Hatujavamiwa tena tangu mlinzi awepo. Hilo ni kweli na linahesabika. Na kuimba kwa ndani kumekuwa kama gari linalopanda mlima. Hilo nalo ni kweli.

Mume wangu, karibu mwaka mzima, amesimama mlangoni akiwa na kanisa mgongoni na Mwalimu mbele yake, hatua chache. Hasalimiwi.

Sasa leo. Leo ilikuwa siku ya kumvua Furaha nguo za matanga, mwaka umetimia. Kwa desturi yao mama mkubwa wa upande wa mume ndiye anayemvika mjane kitenge kipya kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, na maombi yakipita juu yake. Katika nchi hii, mama mkubwa ni Mwalimu peke yake. Asipofanya yeye, Furaha anabaki na nyeusi.

Jana Furaha alikuja saluni nimsuke, na Mwalimu amekaa pembeni anapiga pasi kile kitenge. Mimi nilidhani ibada itafanyika nje, kwenye viti vya plastiki. Furaha akasema, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, "Mama, mimi nataka ndani."

Pasi ikasimama.

"Nataka ndani, na nataka Papa Zawadi akuwe pale mulangoni na ile kitu yake. Kama simuoni, siwezi kufunga macho. Mwaka muzima sijafunga macho nikiomba. Hata kwa chakula."

"Hata weye, Furaha?"

"Weye haukuwa nyuma ya friji, Mama."

Niliendelea kusuka kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi kwingine. Mwalimu akaikunja nguo, pembe kwa pembe, akatoka bila kuaga.

Habari ilifika kwa Mwenyekiti kabla ya jua kuzama, Yeoville ndivyo ilivyo. Asubuhi alikuwa ameweka kiti cha mbele, na kitambaa cheupe juu yake. "Leo anaingia," akaniambia, na hakusema kwa ubaya, alifurahi kama mtu anayemsubiri mama yake. Mimi pia niliamini ataingia. Nani angemwacha mjane wa mtoto wake kwenye nyeusi kwa ajili ya neno alilolisema mwaka jana?

Walikuja pamoja, Mwalimu amemshika Furaha kiganja. Kwaya ya nje ikanyamaza. Mbele ya mlango Mwalimu akasimama, akautoa mkono wa Furaha kwenye mkono wake, akausogeza hadi kwa mhudumu aliyekuwa ndani. Furaha akaingia, akigeuka nyuma. Mwalimu akashuka ngazi moja, akarudi barabarani. Niliona uso wa Mwenyekiti ukianguka, na Furaha katikati ya chumba amesimama na nguo nyeusi kama mtu aliyeachwa kituoni.

Kisha kelele dirishani. Nyumba yetu ilikuwa duka zamani, dirisha lake ni kubwa, la kimo cha kifua, na nondo za wizi toka juu hadi chini. Mwalimu alikuwa amepanda juu ya kiti chake cha plastiki, waimbaji wawili wa sauti ya tatu wamekishika miguu, na anagonga kioo kwa rula.

"Fungueni!"

Mtu akasukuma kioo. Baridi ikaingia yote.

"Furaha, kuja hapa."

Mwenyekiti akafika haraka. "Mwalimu, tafadhali. Watu wanapita. Hii ni aibu."

"Aibu iko mulangoni, Papa. Mimi niko dirishani."

Akapitisha mikono katikati ya nondo, mpaka viwiko. Kitenge kikanasa, Furaha akakivuta upande wake. Bangili ikakwama kwenye chuma, Mwalimu akaivua kwa meno. Alimvua shela nyeusi akaiangusha chini, akamzungushia kitenge kipya, cha njano, akafunga fundo kifuani, akalifungua, akalifunga tena kwa sababu halikumpendeza. Furaha alitazama mlangoni, akamwona mume wangu amesimama palepale. Akafumba macho. Paji lake la uso likagusa nondo, na upande wa pili la Mwalimu.

Mchungaji aliomba akiwa hapo dirishani, hakuwa na jinsi. Halafu Mwalimu akaanzisha wimbo, huko nje, juu ya kiti, na wa ndani wakaitikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu mwaka kusikia sauti zote. Sijui nani ameshinda. Mwenyekiti anasema ameshinda yeye, kwa kuwa ibada imefanyika ndani. Wa nje wanasema vinginevyo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha na nilikuwa naimba tu.

Watu walipotawanyika nilimsaidia kushuka kitini. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Akanisogezea mguu nimshike kama kawaida yake, tukacheka. Kisha akanivuta kando, akamtazama mume wangu pale mlangoni, akashusha sauti.

Jioni Baba Zawadi amenisubiri nimalize kuosha vyombo vya mchana. "Nimeona anakwambia jambo. Amesema nini?"

"Ameuliza kama ndani ya viatu vile unavaa soksi mbili. Anasema saruji ya pale inapanda miguuni."

"Tu?"

"Na kwamba Jumapili ijayo atakuwa nje tena."

Akatikisa kichwa. "Naye mwambie avae," akasema. Akaenda kumwita Zawadi mezani. Tumekula ugali, kabichi ya kukaanga na dagaa, na Furaha, anayelala kwetu leo, ndiye aliyeomba kabla ya kula.